Ukili Uliosingiziwa

Mwaka ambao duka la kijiji lilikaa miezi bila punje ya sukari, ndio mwaka huohuo bibi mdogo aliambiwa ana kisukari. Bibi yangu, dada yake mkubwa, hakumwacha apumue. "Wenzio tunaitafuta mchana kutwa, kumbe wewe umeificha mwilini!"

Wote walikuwa wajane, na bibi mdogo alihama Kisarawe akaja kukaa nasi Mlandizi. Wote walikuwa na mtoto wa jicho. Wakapasuliwa wiki moja, jicho mojamoja, katika hospitali ya mjini, wakarudi na miwani minene, kila mmoja akimcheka mwenzake alivyozeeka. Mimi nilikuwa nimeposwa, nao kwa furaha ya kuona wakaamua kunitengenezea mkeka wa harusi. Bibi mdogo angesuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, na Bibi angeushona.

Mwezi wa pili baada ya kupasuliwa, ugomvi ukaanza. Bibi aliuinua ukili mbele ya miwani yake, akautupa chini.

"Umepinda kama njia ya nyoka. Fumua!"

Bibi mdogo akafumua, akasuka upya. Kesho yake ukatupwa tena. Ikawa hivyo wiki mbili. Niseme ukweli, mimi niliuona ukili umenyooka. Lakini Bibi alikuwa fundi, na mimi hata kuanza ukili sijui, basi nikayaamini macho yake kuliko yangu. Tena tuliambiwa hospitali kwamba mwenye kisukari achungwe zaidi baada ya kupasuliwa. Nikajua mwenye jicho bovu ni nani.

"Bibi mdogo, kesho twende ukaangaliwe," nikamwambia.

Akaukunja ukili, akauweka kando. Bibi akatusindikiza, na ndani ya basi safari nzima ilikuwa hotuba. "Nilikwambia punguza mihogo. Sikio la kufa halisikii dawa."

Daktari alimchunguza bibi mdogo kwa muda mrefu, akasema jicho lake ni zuri kabisa. Nikamweleza habari ya ukili. Akauliza ni nani aliyeuona umepinda, kisha akamgeukia Bibi.

"Bibi, shikamoo. Ziba hilo jicho jingine, utazame nondo za dirisha lile. Zimekaaje?"

"Marahaba. Zile? Fundi wenu alikuwa amelewa. Zote zimepinda katikati."

Nondo zilikuwa zimenyooka.

Alimchunguza naye, akampima na sukari, asiikute. Akatueleza kwamba nyuma ya jicho, pale penyewe pa kuonea, pamevimba, na kwamba baada ya upasuaji jambo hilo humpata hata asiye na kisukari. Atumie dawa ya matone na asubiri. Wengi wa aina yake hupata nafuu polepole, ingawa hakuweza kumwahidi.

"Lingekuwa la mdogo wako, pamoja na kisukari chake," akasema, "ningeogopa zaidi."

Nafuu ilikuja, ila baada ya miezi, na mimi nilishaolewa bila mkeka. Lakini siku ile tulikuwa hatujui. Niliona aibu hata kumtazama bibi mdogo, na aibu hiyo sijaimaliza mpaka leo. Nje, Bibi alikaa kwenye benchi. Machozi yakamtoka chini ya miwani. Nilidhani analilia jicho lake.

"Heri limenipata mimi," akasema. "Alhamdulillahi, heri mimi."

Bibi mdogo akamvua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga yake, taratibu, akamvisha tena.

"Wiki mbili umenifumulisha, dada. Leo ndiyo unanipenda?"

"Nakupenda tangu unazaliwa," Bibi akamjibu. "Ukili ndio sikuupenda."