Samaki wa Somo Yangu

Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho. Sikuwa nimekunywa hata tone, jua lilikuwa bado halijazama vizuri, na soko lilikuwa limejaa watu. Wakati huo nilikuwa karani wa reli hapa Kindu.

Ilikuwa miaka ile tulipoamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Kwetu jina la marehemu haliokotwi. Unakwenda kwa mzee wa ukoo anayelitunza, umebeba samaki na mchele. Anapika, mnakula sahani moja, kisha anakuita kwa jina lile mara ya kwanza. Jina la babu yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa, lilitunzwa na binti yake, shangazi yangu wa Tunda.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama kwenye foleni ya ofisi, nikaona nafasi tupu kwenye karatasi, nikaandika jina la babu. Basi.

Shangazi alisikia, wala hakunigombeza. Alinitumia neno kwa wachuuzi wa treni: "Mchele mpya umetoka, aje tule." Nikajibu nitakuja. Nilijibu hivyo karibu mwaka mzima, mimi mtu wa reli niliyesafiri bure hadi Kibombo. Kutoka hapo hadi Tunda ni baiskeli tu. Simsingizii mtu, uvivu ulikuwa wangu, na kiburi pia.

Kila nikitoka kazini nilipitia soko la jioni karibu na mto. Nililipenda soko lile, na nalipenda hata leo: mafungu ya sombe, majani ya muhogo, yaliyonyunyiziwa maji, ndizi zikichemka katika mafuta ya mawese, na moshi ulioingia kwenye abakosti yangu, lile koti lisilo na tai la miaka ile, mpaka mke wangu akajua nimekula nini. Mama Zena aliuza liboke, samaki aliyefungwa katika majani na kuokwa juu ya makaa.

"Sitwayeni wa abakosti," akaniambia jioni moja, maana siku hizo kila mtu aliitwa sitwayeni, raia, "leo utakaa, ao utakula wima kama askari?"

Nikakaa. Kwenye benchi palikuwa na mzee mwembamba, sikio lake la kushoto limechanika.

"Somo yangu, karibu," akasema.

Somo ni mtu mwenye jina kama lako. Nikamwuliza nani kamwambia jina langu.

"Mutu akivaa shati yangu, nitamujua hata kwa mugongo."

Nikacheka. Niamini, nilimpenda palepale. Macho yake yalikuwa ya utani. Nikamnunulia liboke ya pili. Akala polepole, akiipanga miiba pembeni ya jani, kisha akatikisa kichwa.

"Haina chumvi."

"Iko chumvi, mzee. Hata nyingi."

"Kwako. Mimi, tangu ulibeba jina bila kunikaribisha, nakula bila chumvi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama baba anayemkumbusha mwanawe kufunga mlango. "Binti yangu wa Tunda anafunika sahani yako kila Ijumaa. Treni iko kesho. Enda ule na yeye. Usikawie, mutoto. Hana Ijumaa nyingi."

Niligeuka kuomba maji ya kunawa. Nilipomrudia, hakuwapo. Liboke ya pili ilikuwa pale alipokaa, bado imefungwa kwa kamba yake, haijaguswa. Mama Zena alikuwa akinitazama.

"Baba, unanunua mbili, moja unaikula, moja unaiongelesha?"

Nikalifungua lile jani. Samaki mzima, wa moto. Nikaonja. Hakuwa na chumvi kabisa, na wangu aliyetoka kwenye beseni lilelile alikuwa nayo.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Ungepanda treni. Mimi sikupanda. Ripoti ya mwezi ilikuwa haijakwisha, na ningeomba ruhusa kwa sababu gani? Kwamba nimetumwa na mzee wa benchini? Nilikuwa nimesoma, niliogopa kuchekwa. Nikaenda wiki iliyofuata, na samaki wangu na mchele wangu.

Nilikuta majirani wanakunja mikeka ya matanga. Shangazi alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Ijumaa yake ya mwisho alipika, akafunika sahani, akasema nikija nile. Nikamwuliza jirani mmoja mzee, babu yangu alikuwaje?

"Mwembamba, mtani sana," akasema. "Ndoano ya samaki ilimchana hapa." Akashika sikio lake la kushoto.

Tangu siku hiyo, samaki nikila peke yangu hana chumvi, hata mke wangu atie konzi nzima. Ndiyo maana mpaka uzee huu naenda sokoni jioni, nanunua liboke mbili, namwita yeyote mwenye njaa akae nami. Tukila wawili, chumvi inarudi. Wengine wamekuwa rafiki zangu.

Basi, kama jina lako lina mwenyewe, mpelekee samaki mapema. Na mzee usiyemjua akikuita somo, usisubiri ripoti iishe. Panda treni ya kesho.

Utaniuliza jina hilo ni lipi. Sikuliandika hapa. Nililiandika mara moja bila ruhusa, na aliyekuwa na haki ya kunipa amelala Tunda.