Maji ya Mzee Amuri

Ile siku walipomleta Mzee Amuri kutoka Wamaza, amefungwa kwa kitenge nyuma ya pikipiki asianguke, naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa muuguzi kijana hapa Kasongo, tena mkaidi. Kansa ya ini ilikuwa imemmaliza, na daktari aliniachia kazi moja tu, kumwondolea maumivu.

Mwanawe Ramazani akanizuia mlangoni. Zamani alitoroka kwenda kuchimba dhahabu Lusangi, baba akamlaani. Wewe ni mtu wa huku, unajua: laana ya baba huiondoa baba mwenyewe, kwa kumpulizia mtoto kifuani maji ya kinywani mwake. Ramazani aliogopa mofini, ile dawa kali ya maumivu, ingemlalisha mzee moja kwa moja.

"Mama muganga, usimupatie ile dawa," aliniambia. "Baba hayanipulizia maji bado."

Nilimwonea huruma, lakini sikurudi nyuma. Huyo baba alikuwa amekunja magoti, anang'ata shuka, hata jina la mwanawe hawezi kulitamka. Wauguzi wenzangu walinishauri niwaachie wenye mgonjwa waamue. Nikawauliza kama wanaoumwa ni wao. Ulimi wangu ulikuwa mkali siku hizo, na sasa haujapoa sana. Nikamwinamia mzee, nikamweleza kwamba nitaanza na dawa kidogo, na kwamba huenda akasinzia. Kisha nikamuuliza anataka nini.

"Nipe," alisema kwa shida, neno moja moja. "Maumivu ndiyo inanifunga kinywa."

Nikamnywesha, nikaketi. Akasinzia kweli, na Ramazani akalia huku akinitazama kana kwamba mimi ni mwizi. Niliogopa, sikufichi. Jioni mzee akafungua macho, miguu imenyooka, akaomba maji. Tulidhani ana kiu. Akajaza kinywa, hakumeza, akamwashiria mwanawe asogee. Ramazani akavua shati.

Mzee alifariki siku chache baadaye, uso umetulia.

Basi wewe unayeanza kazi hii, usikubali mtu afe akiteseka eti kwa sababu hatapona. Wenye mgonjwa wasikilize na uwaheshimu, lakini swali mpelekee aliyelala kitandani; kinywa bado ni chake. Na ukishampa dawa usiondoke, kaa naye. Mungu akupe mikono isiyotetemeka, mwanangu, na siku yako ikifika akuletee mtu wa kukuinamia akuulize wewe unataka nini.