Nilihesabu Hadi Kumi na Tano

Jioni ambayo kaka yangu Deo alijivuta kwenye bomba la chuma mara kumi na tano bila kugusa ardhi, mama yetu alianguka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, chini kidogo tu ya pale Deo alipokuwa akining'inia. Mambo hayo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu.

Bomba lile bado lipo. Tulipomzika mama mwaka huu, kihambani, shamba la ukoo wetu huko Kilema, kando ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, nilitoka kwenye turubai la waombolezaji nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe. Migrevilea miwili iliyolishikilia bomba imenenepa hadi imelimeza pande zote mbili. Gome limefumba juu ya chuma kama mdomo. Nililishika. Nilipoachia, viganja vyangu vilinuka kutu, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye umri wa miaka kumi.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa fundi mwashi Arusha, tukimwona Krismasi na pengine Pasaka. Deo alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, hana la kufanya ila kusubiri. Alichosubiri kilijulikana: mlima. Mjomba Agapiti, kaka yake mama, alikuwa mpishi wa misafara ya watalii, na Jumapili moja baada ya misa, akiwa na sahani ya kiburu, ndizi na maharage, mapajani, alimwambia mama, "Dada, mtayarishe huyu. Baada ya mvua nitamwombea nafasi. Lakini awe mgumu kweli, asije akaniaibisha."

Wapagazi wa mlimani kwetu huitwa wagumu. Mjomba alitaja jina la kazi tu, kama mtu anavyosema dereva au fundi. Deo yeye alisikia kifua na mikono.

Wiki iliyofuata alishuka Moshi mjini akarudi na karatasi nne za fotokopi zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwanamume asiye na shingo, mabega yakianzia masikioni. Ndani yake mlikuwa na majedwali: pushapu ngapi, kujivuta mara ngapi, siku gani, kwa wiki nane. Chini kabisa paliandikwa kwamba atakayejivuta mara kumi na tano mfululizo wiki ya nane amehitimu. Deo aliomba bomba la zamani la maji kwa jirani, akalifunga kwa waya kati ya migrevilea miwili, akaning'inia. Siku ya kwanza hakujivuta hata mara moja. Alitapatapa kama kuku aliyeshikwa miguu, mimi nikacheka, akanirushia kandambili.

Kisha akanipa daftari. "Sesi, wewe una mwandiko mzuri. Kila siku andika tarehe, pushapu, kuvuta. Usiongeze, usipunguze. Ukiacha kuhesabu katikati, haihesabiki, naanza upya."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kazi yenye masharti ya namna ile. Nilipiga mistari kwa rula. Niliongeza safu ya nne ambayo hakuniomba, nikaiita "Mengineyo", na humo nikaandika mvua, ng'ombe aliyezaa, na siku mama alipochelewa.

Safu hiyo ndiyo inayonisumbua leo.

Ng'ombe wetu walikaa bandani, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mlimani, na majani yao yalitoka porini, chini kabisa kwenye tambarare. Mama alishuka asubuhi na mundu, akakata, akafunga mzigo mrefu kuliko mimi, akaomba mtu amtwike, akapanda nao kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Ilikuwa kazi ya wanawake, hakuna aliyejifanya vinginevyo. Lakini Deo tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akiteremka hadi katikati ya kilima kumpokea mama mzigo, na pale pa mwisho kabla ya kufika nyumbani, penye mfongo, yeye ndiye aliyeuvusha. Wakati wa kiangazi mfongo unaweza kuuruka; wakati wa masika unajaa, na cha kuvukia ni gogo moja lenye utelezi. Pembeni yake kulikuwa na jiwe. Aliyebeba mzigo alisimama hapo akaita, na wa nyumbani wakaja kumtua. Hakuna mwanamke aliyevuka gogo lile na mzigo kichwani wakati wa masika. Aliita, akangoja. Hata jirani uliyenuniana naye, akiita, ulikwenda.

Karatasi za Deo zilikuwa na siku za mazoezi na siku za kupumzika, na kuhusu siku za kupumzika ziliandika kwa herufi nene: usibebe kitu kizito.

"Deo, leo hushuki?" mama aliuliza wiki ya pili.

"Mama, leo ni siku ya kupumzika. Misuli inajengwa."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa na mazoezi. Nikibeba, nguvu zinaisha."

Mama alimtazama, akacheka kwa pua. "Karatasi yako ina raha, baba. Haina ng'ombe." Akachukua mundu, akaenda.

Sikumbuki kama alikasirika. Nadhani alijivunia. Mama Viki, jirani yetu, alipopita na kumwona Deo tumbo wazi akipiga pushapu juu ya matandazo ya migomba, alipaza sauti, "Mama Deo, mwanao ataota matiti kumzidi binti yangu!" na mama akajibu, "Mwache, huyo anakwenda kubeba mlima mzima." Wakacheka wote wawili. Jioni mama alimwongezea Deo maziwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kumtua penye jiwe. Nilibeba nusu, yeye nusu, tukavusha kwa zamu mbili.

Niseme kwa haki: mazoezi yale yalifanya yalichoahidi. Daftari ninalo. Wiki ya kwanza pushapu tisa, kuvuta sifuri. Wiki ya tatu pushapu ishirini na mbili, kuvuta mbili. Wiki ya sita, arobaini, na tisa. Mashati yake ya shule yalimbana kwapani. Hakutumia kifaa chochote ila bomba na ardhi. Kama ungeniuliza wakati ule kama karatasi zile zina maana, ningekuonyesha safu mbili za katikati, na zingetosha kukusadikisha. Katika safu ya nne, wiki ya tano, nimeandika "Mama shingo". Wiki ya sita, "Mama amechelewa, shingo". Wiki ya saba nimeandika "Mama" tu. Nadhani niliitwa kabla sijamaliza.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imekata saa tisa alasiri, migomba inadondosha maji, na mfongo ulisikika hadi bandani. Mjomba angekuja kesho yake kuchukua jibu. Deo alipaka viganja majivu. Alikuwa amenyamaza kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. "Kwa sauti," aliniambia. "Nisikie nilipofika."

Moja. Mbili. Mpaka tano alikwenda kama mchezo. Sita, saba. Kwenye nane nilimsikia mama.

"Sesi! Njooni mnitue!"

Deo alikuwa juu, kidevu kimepita bomba, macho yamefumbwa. Nilisema tisa. Alipoteremka nilitazama upande wa mfongo, migomba iliziba. Nilisema kumi. Mama aliita tena, safari hii jina la Deo, kwa sauti ya mtu ambaye shingo yake haiwezi kugeuka. Mikono ya Deo ilianza kutetemeka. Nilijua nikiacha, wiki nane zimekwenda na maji. Nilijua pia mama angengoja, kwa sababu walingoja siku zote.

Nilipaza sauti. Hilo ndilo nililolifanya. Kumi na moja nilisema kwa sauti kubwa kuliko kumi, na kumi na mbili kubwa zaidi, mpaka kumi na tano nikapiga kelele, na Deo akaanguka chini kwenye matope, akaniinua juu, tukacheka. Kisha tukatulia. Mfongo ulikuwa ukisikika peke yake.

Tulimkuta mama ndani ya mfongo, amevunjika nyonga. Gogo lilikuwa mahali pake; safari hii hakungoja, alijaribu kulivuka na mzigo. Mzigo wa majani ulikuwa umekwama kwenye ukingo, maji yakipita juu yake. Deo alimbeba mama mikononi hadi barabarani, bila kupumzika, na kila aliyeona alisema kijana ana nguvu.

Mama alilala hospitali wiki nyingi, kisha nyumbani miezi. Mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kuliandikisha jina la Deo, hakutaka kulifuta, na mama mwenyewe alisema aende. Alikwenda. Siku ya tatu alirudi, anashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya magoti. Mzigo wa mlimani unakaa shingoni na mabegani, na inayotembea ni miguu, saa baada ya saa, kwenda juu na kurudi. Mjomba alimleta hadi uani, akakaa kando ya kitanda cha mama, akamwambia pole pole, bila ubaya, "Dada, mikono anayo. Lakini ungekuja wewe, ungefika."

Mama hakucheka.

Kabla hajaenda mlimani, Deo alifanya jambo ambalo nililiona kupitia upenyo wa mlango. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akampelekea mama kitandani. Kwetu, aliyekosa akija na isale hakataliwi. Unalipokea, na kosa limekwisha. Alipiga magoti, akalinyoosha. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Naye hakuuliza kosa ni lipi: kutomtua siku ile, au kutoshuka kilimani wiki nane. Na kama Deo aliisikia ile sauti pale bombani, hakusema siku ile wala siku nyingine yoyote. Mimi nilibaki mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini kwamba isale ni ya watu wakubwa.

Tangu hapo majani alibeba Deo. Kichwani, juu ya ngata, mwanamume mzima, na watu walimcheka hadi wakachoka. Nimeishi Shirimatunda, huko chini Moshi mjini, miaka mingi sasa, na kila nilipopanda kwenda nyumbani nilimkuta na mundu. Mama alitembea na mkongojo mpaka mwisho.

Siku ya tatu ya msiba, binti yake Deo, Anjela, alinifuata jikoni. Anataka kuomba nafasi jeshini. Alinionyesha kwenye simu mazoezi ya pushapu na kujivuta, ya wiki nane, na mwanamke asiye na shingo.

"Shikamoo, shangazi. Hivi hii inasaidia kweli, au wananidanganya? Nilimuuliza baba, akasema, nenda kwa shangazi yako, yeye ndiye aliyekuwa anahesabu."

Nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Kwamba mikono itapata nguvu. Kwamba aongeze kutembea kilimani na mzigo, na asiache kazi za nyumbani kwa sababu karatasi imesema apumzike. Aliandika yote. Hakuuliza zaidi, nami niliendelea kumenya ndizi, nikilirudia lile neno la baba yake: aliyekuwa anahesabu.

Jioni ile wanawake tulifungua kasha la mama kugawa khanga. Chini kabisa, ndani ya kitabu chake cha sala, kulikuwa na majani mawili ya isale, yamekauka, rangi ya tumbaku, kila moja na fundo lake. Nilimwita Deo nje nikamwonyesha. Aliyageuza kwenye kiganja, akachukua moja.

"Mimi nilipeleka hili," alisema. "Moja tu."

La pili nimekuja nalo Shirimatunda. Limo ndani ya daftari, wiki ya saba. Mimi sikuwahi kupeleka langu, na sijui nani alilifunga.