Mashimo ya Kidole Kwenye Ukuta wa Bafu

Sitaki kujificha, watu wa mtaa wetu wa Dallas hapa Embu wanaijua hii hadithi kuliko mimi, kwa hivyo afadhali muisikie kwa mwenye aibu yake. Mimi ni karani wa ofisi, mwiko wa fundi sijawahi kuushika, lakini nina ugonjwa mmoja: kitu nisichokijua kinaniwasha mpaka nikifunue.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa aje kutoka Kanyakine kuonyesha daktari goti, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekubali kulala kwetu (alishakataa mara tatu, kwao mama hakimbilii kulala kwa mkwe). Mke wangu Kendi alisugua nyumba wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha balbu ya bafu, basi. Nikiwa juu ya kiti nikagonga ukuta kwa kidole, kigae kimoja kikalia tupu, nikajiuliza, huko nyuma kuna nini? Nikakibandua kwa bisibisi. Plasta ilikuwa imelowa, nikabandua cha pili nione unyevu umefika wapi, na cha tatu, na jioni ukuta wote wa upande wa mlango ulikuwa uchi na mimi nimesimama juu ya lundo la vigae.

Kendi akasema tuite fundi. Nikakataa, nimeshaangalia kwa simu, ni kazi rahisi: unapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, inakauka, unabandika vigae. Lakini mwezi wa saba huku kwetu ni baridi na manyunyu, hata nguo zinakaa kwa kamba siku tatu. Dawa yenyewe ilikuwa nzito kama maziwa ya mala, na kila nusu saa nilikuwa naingia kuibonyeza kwa kidole nijue imefika wapi, inaacha shimo, naenda, narudi, nabonyeza tena. Alhamisi nikaona mama anakuja Jumamosi na ukuta bado unanata, nikaingiza jiko la makaa, dirisha wazi, vile tunavyopasha vifaranga joto. Juu ikakauka vizuri sana. Chini yake sikuangalia (siku moja tu udadisi wangu ulilala, na ndiyo hiyo). Ijumaa nikabandika vigae, vikapendeza, hata nikavipiga picha. Mfuko wa gundi ulisema ukuta usiguse maji kwa siku kadhaa, lakini Kendi sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu kazi imeisha.

Jumamosi mama akafika, akanywa chai, Kendi akaenda sokoni kutafuta nyama. Nikiwa sebuleni peke yangu, namwona mama amejifunga leso, amebeba taulo na kigoda, anaelekea bafuni polepole na goti lake. Nilipaswa kusema neno moja tu. Lakini nyinyi mnajua, mwanamume wa huku hamtajii mama mkwe mambo ya kuoga, ni heri umeze ulimi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Mama, huko Kanyakine mvua imenyesha?"

"Imenyesha," akasema, akafunga mlango.

Nikasikia maji. Nikaomba Mungu. Halafu nikasikia kitu kinateleza, kigae kimoja, halafu mstari mzima, halafu ukuta wote ukashuka kwa kelele ambayo majirani wanasema waliisikia mpaka barabarani. Nikakimbilia mlango, nikauliza kama ameumia, akajibu yuko sawa, alikuwa ameketi kona ile nyingine. Ila mlango wetu unafungukia ndani, na vigae vilikuwa vimerundikana nyuma yake. Nikausukuma kidogo tu.

"Muthoni," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mkwe, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "usikaribie huo mlango."

Sasa mkwe ameambiwa asikaribie, afanye nini? Nikatoka nje kuita jirani yetu, Mama Njeru, na bahati yangu ilivyo, alikuwa ndio anaingia getini na akina mama sita wa kanisa, wamekuja kumsalimu mgeni. Bawaba ziko upande wa ndani, kwa hivyo wakasema lazima ubao wa chini wa mlango ufunguliwe, vigae vivutwe nje. Bisibisi ilikuwa yangu, na hakuna aliyejua iko wapi ila mimi, kwa hivyo niliipeleka kwenye korido nikitembea kinyumenyume nisiutazame mlango, mkono mgongoni, na wanawake saba wananiongoza: kulia kidogo, simama, sasa toka. Huo wakati Kendi akafika na nyama. Akanipokonya bisibisi, akaenda mlangoni yeye.

Mama alitoka, akavaa, akaketi na wageni wake, akaniita kwa jina la binti yetu. Nikaenda nikitazama sakafu.

"Baba Makena, nimekaa humo ndani muda mrefu, sina cha kuangalia ila ukuta," akasema. "Hayo mashimo ya kidole yote ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Na hakuna hata moja lililokuambia ni mbichi?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wiki yote alioga kwa Mama Njeru, na mimi nilimwona kila asubuhi akivuka njia na taulo lake, na goti lile, na watu wakimwuliza kwa nini.

Fundi amekuja, amerudia kila kitu, mimi sikugusa na sitagusa tena. Mama ameambiwa arudi kliniki mwezi ujao. Amekubali kulala kwetu, ila ametuma masharti kupitia Kendi: nimpigie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimwambie bafu ni kavu na anaweza kuoga. Ukuta umekauka tangu Jumatatu. Leo ni Ijumaa na simu ninayo mkononi, nimeshamuuliza habari za mvua mara mbili.