Mshono Chini ya Zulia

Mwaka juzi niliamua kulinyamazisha gari letu. Ni stesheni wagoni ndogo tuliyoinunua Tunduma, kwa mtu, ikiwa imetumika. Kati ya Tunduma na Mlowo ilivuma kiasi kwamba kwaya tuipendayo ilisikika kama inaimba ndani ya debe. Mimi ni mwalimu; sijasomea magari wala umeme. Nilijifunza kwa kusoma na kutazama kwenye simu, kisha nikapanga hatua kwenye daftari la hesabu: kwanza kubandika shuka nzito za kuzuia kelele sakafuni na milangoni, halafu spika mpya milango ya mbele, mwisho sabufa nyembamba chini ya kiti cha abiria, maana buti ni la magunia.

Niliorodhesha pia kelele za kuondoa. Ya nne ilikuwa mlio mfupi katikati ya gari kila tulipopanda tuta, kama kitanda cha chuma mtu akijigeuza. Pembeni niliandika: hapa shuka mbili.

Nilianza Jumamosi asubuhi, uani kwetu Mlowo. Siku iliyofuata tulikuwa tuteremke Mbebe, huko Ileje, na watoto wote watatu kumchukua mama mkwe. Nilitoa viti, nikakunja zulia, nikaanza kukwangua lami kuukuu ili shuka zishike vizuri. Chini yake nikakuta puti, ule udongo wa kusawazishia bati. Nikaikwangua nayo, nikaona mshono wa kuchomelea, umenyooka kama umepigwa rula, kutoka nguzo ya mlango wa kushoto hadi ya kulia. Mbele ya mshono bati lilikuwa jeupe. Nyuma lilikuwa la kijani.

Nilijua ninachokiona, ila mikono iliendelea kukwangua.

Mke wangu alitoka jikoni. "Baba watoto, mbona umenyamaza hivyo?"

Nikamwonyesha. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mshono, akakirudisha haraka kama ameungua.

Tulimwita jirani yetu, fundi bodi. Alimulika kwa simu, akacheka.

"Mwalimu, hapa una magari mawili yamefunga ndoa."

"Na talaka itatokea wapi?" mke wangu akamuuliza. "Kwenye mteremko wa Ileje?"

Fundi akaacha kucheka. Alisema wapo wengi wanaotembelea magari ya namna hiyo bila kujua. "Bandika shuka zako, mwalimu. Likitulia, hata kuliuza utaliuza vizuri."

Nakiri kwamba nililifikiria hilo, na kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Shuka zilikuwa pale, zimekatwa kwa vipimo. Kazi ya saa mbili tu, na mlio ule usingesikika tena na yeyote: si mimi, si atakayelinunua, si watoto wake kiti cha nyuma.

"Kwanza weka jeki katikati, tuone kama mshono unashika," nilimwambia fundi.

Aliingia chini, akapandisha polepole. Gari likatoa mlio wangu wa nne, mrefu safari hii, na karibu na nguzo ya kulia mshono ukafunguka. Ufa ulikuwa na urefu wa kiganja. Niliinamisha kichwa nikaona ardhi ya ua wetu, majani yake na punje za mahindi walizoacha kuku.

"Shusha," nilisema. "Shusha taratibu."

Nilikaa juu ya kiti cha nyuma kilichokuwa kimewekwa chini, mahali ambapo kwa miaka miwili watoto wangu wamekaa wakishindana kuimba, nami usukani mkononi, nikiwahimiza wapaze sauti ili tusisikie kelele za gari.

Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Kesho hatutakuja."

"Marahaba, mkwe wangu. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Gari limekatika."

"Pole! Limekatika leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Lilikatwa kabla hatujalinunua. Liliungwa. Tumegundua leo."

Nilisikia mbuzi upande wake.

"Kwa hiyo siku ile ya mvua," alisema, "mliponipandisha na wajukuu, mpaka tukateleza pale kwenye kona, nawe ukaniambia mama usiogope..."

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, akinitazama mdomo, akisubiri nimjibu mama yake.