Nilipopita Mahameni Kumsalimu Mama Yohana

Nilitoka Mitundu kwa sababu moja, nami nitaisema kabla hamjaisikia kwa wengine. Miezi sita nilikuwa nimetengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya wanzuki, ile pombe ya asali, na Jumapili hiyo mchungaji alikuwa anakuja Itigi kuwarudisha waliotubu. Nisipofika, ningengoja mpaka aje tena, na mke wangu alikwisha choka kwenda mezani peke yake.

Alhamisi alfajiri. Lori lilikuwepo, la Jumamosi. Mimi nikasema lori linanitingisha mgongo, afadhali nitembee kupitia mahameni, kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Mgongo! Jana yake ulikuwa umebeba gunia la mtama. Mke wangu akatazama katambuga zangu mpya za tairi, akauliza huko mahameni kumebaki nani. Nikasema hakuna mtu. Alikuwepo Mama Yohana, mpika wanzuki, aliyegoma kuiacha mizinga yake.

Njiani nilisali sana. Niliomba nguvu za kupita mlangoni kwake, kana kwamba kuna aliyenituma nipite mlangoni kwake. Tunamwomba Mungu asitutie majaribuni, kisha tunavaa viatu tunajipeleka. Halafu tunamsingizia Shetani. Siku ile nadhani alilala tu, kazi yake nilimfanyia mimi.

Adhuhuri nikamkuta anachuja. Akaniamkia shikamoo, akanipa kigoda na maji. Nikasema nimepita kusalimu tu. Nikasema jua kali, akaniongeza maji. Nikasifu harufu. Hapo akaweka chujio chini.

"Baba, Jumapili si ndiyo unarudishwa?"

"Ndiyo, mwanangu. Nimekuja uone mwenyewe kwamba nimeacha."

"Aliyeacha haji huku kuonwa. Lori halipiti kwangu." Akafunika mtungi, akakaa mbele yake. "Mimi nawauzia walevi. Wanafiki siwauzii. Maliza maji yako uende."

Nakiri, niliomba kidogo, ya kulainisha koo tu. Mara mbili niliomba. Alinicheka mpaka nikaondoka, na nilikuwa nimeshafika mbali bado namsikia.

Jumapili, Itigi. Mke wangu alikuwa amefika kwa lori jana yake, mgongo wake mzima. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu kama nimeonja pombe tangu nitengwe. Nikasema sijaonja. Wazee wa kanisa wakaitikia amina, mke wangu akainua uso. Basi mchungaji akataka niwaeleze wenzangu nimeshindaje. Neno "maombi" lilikwisha fika mdomoni, tamu kuliko wanzuki. Nikamtazama mke wangu.

"Nilinyimwa," nikasema. "Nilipita kwa mpika pombe makusudi, nikaomba, akaninyima."

Kanisa zima likacheka. Mke wangu hakucheka. Mchungaji akauliza, "Nyumbani utarudi kwa njia gani?"

"Kwa lori."

"Likiwa limejaa?"

"Nitapanda juu ya magunia."

Akaniita mezani.

Jumatatu nikapanda juu ya magunia, na mgongo ukatingishwa kweli. Tulipokaribia njia panda ya mahameni nikamwambia mke wangu anishike koti. Akalishika kwa mikono miwili.

Siku hizi vijana huja kuniuliza nilivyolishinda jaribu, wamekaa tayari kwa mahubiri marefu. Sikushinda kitu. Nilipanda lori.