Mke Mwenza wa Mbao

Kwa watu wa ziwani huku Homa Bay, boti mpya haifiki nyumbani kimyakimya. Inapokelewa kama bibi arusi. Wanawake wanaimba, ugali unasongwa, na mke wa mwenye boti anasimama mbele kumpokea mwenzake. Nyieka, wanasema kwa Dholuo, yaani mke mwenza. Mimi nimezaliwa Uriri, kwenye miwa na mahindi, ambako maji mengi tuliyoyajua ni ya pipa. Kwa hiyo jirani aliponipigia simu asubuhi moja kuniuliza nitavaa leso gani kumpokea nyieka wangu, nilidhani amekosea namba.

Hakuwa amekosea. Mume wangu alikuwa amechagua boti bila kuniambia.

Mzee, ndivyo ninavyomwita mume wangu, alikulia ufuoni, na tangu utotoni alikuwa na hamu moja tu, kuzunguka ziwa lote kwa tanga. Atoke Homa Bay, apite Mfangano, ateremke hadi Muhuru Bay kule Migori, avuke mpaka aende Musoma na Mwanza, apande Bukoba na Entebbe, ndipo arudi. Alipostaafu akaniambia twende wote, tupike kwenye boti, tulale kwenye boti. Nikamwambia mimi sijui kuogelea na maji nayaogopa. Akasema, "Basi, Nyar Uriri, bila wewe siendi." Ndivyo anavyoniita, binti wa Uriri. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Mtu akikugombeza unamjibu. Huyu alinitupia furaha yake yote mapajani, kisha akanyamaza.

Niliteremka ufuoni nimefura, nikijua boti hiyo ni ya safari ile ile. Boti yenyewe ilikuwa nyembamba, ya samawati na nyekundu, tanga jeupe pe, ile aina ya kushindana mbio siku za sikukuu. Ilikuwa nzuri, sikatai. Wanawake walishaanza vigelegele. Nikawaambia wangoje kidogo.

"Kwani mke wa kwanza ameulizwa?" nikasema. "Tangu lini mtu analeta wa pili na wa kwanza hata hajaenda kumwona kwao?"

Mzee akatazama vidole vyake vya miguu. Wanawake walicheka sana, lakini wakaniunga mkono, maana desturi ni desturi. Nikavua viatu nikapanda. Sikuwa hata nimekaa, boti ikalala ubavu ikanimwaga kwenye maji ya magotini, mbele ya kina mama wote na leso zao. Nikasimama nikasema kama ni lazima nipate mke mwenza, nitamtafuta mwenyewe.

Nikamtafuta kweli. Tulizunguka fuo moja baada ya nyingine, mimi mbele, Mzee nyuma amebeba mkoba wangu, haongei. Niliuliza maswali yale yale tunayouliza tukienda kuposa. Ametoka kwa nani? Ana hasira? Anakula sana? Moja ilikuwa inavuja mpaka mwenyewe akaona haya. Nyingine mlingoti wake ulikuwa na ufa uliozibwa kwa rangi, nami nikamwambia muuzaji kwamba bibi arusi mgonjwa hafichwi kwa poda. Mzee hata hakutabasamu, na siku hiyo nilianza kuwa na wasiwasi naye.

Upande wa Mbita tukampata. Alikuwa mpana, mweusi kwa lami, na nyuma ana kijinyumba cha mbao ambamo watu wawili wangeweza kulala wakikubaliana. Mwenye boti alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipeleka makaa na mahindi visiwani.

"Ana hasira?" nikamuuliza.

"Huyu ni mzito kuamka," akasema. "Akishaamka, hasumbui mtu."

Jibu hilo nililipenda. Nikamwambia sasa tumjaze maji.

Hapo ndipo Mzee alipofungua mdomo. "Nyar Uriri, boti haijazwi maji. Boti inatolewa maji."

"Mimi ninachoogopa ni siku hiyo ya kujaa," nikamwambia. "Nataka kuiona leo, mchana, wewe ukiwa hapa."

Mama yule alishika kiuno akacheka, lakini akaleta mabeseni. Kwanza tulifunga mitungi mitupu ya plastiki chini ya viti. Hilo lilikuwa wazo langu, kwa sababu mchota maji yeyote anajua mtungi mtupu wenye kifuniko hauzami. Tukasukuma boti hadi maji yakamfika Mzee kifuani, nami nikakaa ndani huku wakimwaga beseni baada ya beseni. Maji yakanifika kiunoni, gauni likaelea. Boti ikashuka, ikashuka, ikatulia. Nikangoja iendelee kushuka. Haikuendelea. Nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, ikayumba kidogo, ikatulia tena. Nikaanza kucheka na nikashindwa kuacha. Woga haukuwa umeisha, ila kwa mara ya kwanza niliona tunaweza kusafiri nao.

"Huyu nimemkubali," nikasema. "Tutaenda naye Mwanza, na huko mbele pia."

Nilitegemea Mzee arukeruke. Badala yake alishika ukingo wa boti, akachota maji akanawa uso, akanawa tena.

"Ile nyembamba," akasema hatimaye, "ilikuwa ya kutembea hapa hapa ghubani jioni, basi. Safari nilikuwa nimeshaiacha."

Kumbe wakati mimi nanung'unika kwamba amenibebesha furaha yake, yeye alikuwa ameiweka chini peke yake, bila kunilaumu hata kwa jicho, akajitafutia boti ndogo ya kumsahaulisha. Niliumia moyo, na nilimpenda mwanamume huyo pale majini kuliko siku aliyonioa. Nikamshika mkono uliokuwa ukingoni.

Akavuta kamasi, akatazama kile kijinyumba cha nyuma, akaniuliza nitataka kulala upande gani.

"Ule ulio mbali na maji," nikamwambia.